Mbona muvi ya Watergate imekunyima usingizi wakati mwisho wake uliujua?

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24, nasoma uandishi wa habari Morogoro, mwaka wa pili. Wiki iliyopita rafiki yangu kanipa fleshi ina All the President's Men, ile muvi ya zamani ya kashfa ya Watergate. Nikasema nione nusu saa nilale. Mwalimu, nimeiangalia mara tatu ndani ya siku nne! Mwisho naujua, kila mtu anajua Nixon alijiuzulu, hamna hata anayepigwa risasi, na bado viganja vinanitoka jasho. Baba kaangalia dakika ishirini akanyanyuka, anasema ni watu wanapiga simu tu. Naomba unisaidie, kwanini imenikamata hivi? Yaliyomo ni ya kweli? Na kweli waandishi wawili tu ndo walimng'oa rais wa Marekani?"

Marahaba mwanangu. Nianze na mzee wako, mana hajakosea. Ni watu wanapiga simu. Dakika 138 za watu wanapiga simu, wanagonga milango, wanafungiwa milango, wanarudi ofisini kuchapa, kesho tena. Nimeionyesha hii muvi darasani miaka mingi, na kabla sijawa mwalimu nilikuwa ripota wa mahakamani miaka tisa, na kila mwaka lazima wawepo wawili watatu wanaosinzia kabla ya nusu saa na awepo mmoja anayetoka pale kama kaona jini. Mwaka huu huyo mmoja ni wewe, pole.

Sasa twende. Umesema mwisho unaujua na bado jasho. Ni kwamba William Goldman aliyeandika script na Alan Pakula aliyeiongoza hawakuhangaika na huo mwisho kabisa. Nixon aliondoka Ikulu Agosti 1974, muvi ikatoka Aprili 1976, hata miaka miwili haijafika, na Marekani nzima ilikuwa imeshakaa mbele ya tivii ikaangalia kamati ya Seneti inawahoji watu wa rais mmoja mmoja. Utamficha nani hapo? Kwa hiyo lile swali kubwa la rais ataanguka ama haanguki wakalitupa nje, wakajaza muvi maswali madogo madogo kibao: huyu mama atafungua mdomo? huyu bwana atakata simu? hii namba ya Minneapolis itapokelewa? Na hayo hakuna anayekuja na majibu yake kutoka nyumbani. Hata wewe mara ya tatu ulikuwa unajua mama ataongea, ila hujui ataongea baada ya kimya cha ngapi, ukawa unamhesabia pumzi.

Chukua hiyo hiyo sini ya mhasibu, mana nina uhakika ndo imekumaliza. Bernstein, mmoja wa wale waandishi wawili wa gazeti la Washington Post, yaani Dustin Hoffman, anafika nyumbani kwa mama aliyekuwa anatunza hesabu kwenye kamati ya kampeni ya Nixon. Mama kaigizwa na Jane Alexander. Mlango unafunguliwa na dada mtu, na jamaa anaingia kwa ujanja ujanja tu, anakaa kabla hajakaribishwa vizuri, anapata kahawa. Sasa angalia kile kikombe. Kikombe ndo kibali chake cha kukaa pale, kahawa ikiisha hana sababu ya kuwepo, kwa hiyo anabembeleza kikombe na huku anabembeleza mama, na mama anaogopa, yani anaogopa kweli, anaangalia chini, anasema sitasema kitu, kimya, alafu anasema kitu. Majina hataki kutaja. Anatoa herufi. L. M. Hela zilikuwa kwenye sefu, ni nyingi, waliochukua ni fulani na fulani na hao mafulani ni herufi tu. Na Bernstein hawezi kutoa daftari kwa fujo mana mama akiona kalamu atashtuka, kwa hiyo anaandika kwenye vikaratasi, anachomeka mfukoni, usiku anafika kwa mwenzie Woodward (Robert Redford) amelewa kahawa, mikono inatetemeka, anamwaga mezani vipande vya karatasi kama mtu aliyetoka kuokota.

Jane Alexander yupo kwenye hii muvi dakika chache mno, na kwa dakika hizo hizo alipendekezwa tuzo ya Oscar. Mimi nikiulizwa nani anabeba muvi nzima sisemi Redford wala Hoffman, nasema yule mama. Wanafunzi wangu huwa wanabisha, wabishe tu.

Sini ya pili nataka uirudie ukiwa na saa mkononi. Redford, ndo Woodward, anamtafuta mtu wa Minneapolis anaitwa Kenneth Dahlberg. Ishu ni cheki ya dola 25,000 iliyoingia kwenye akaunti ya benki Miami ya Bernard Barker, mmoja wa wale wezi watano waliokamatwa usiku ndani ya ofisi za chama cha Democratic, jengo la Watergate, ndo kashfa ilipoanzia. Cheki ina jina la Dahlberg, na Dahlberg ni mchangishaji wa hela za kampeni ya rais. Umeona hapo? Hela ya kampeni ya rais imefikaje mfukoni kwa mwizi? Woodward anapiga, anapokelewa, anauliza, anakatiwa, anapiga kwingine, anarudi kwa Dahlberg, anashika laini mbili. Hesabu dakika. Ni kama sita, na kamera haijakatwa hata mara moja, inasogea tu polepole kumfuata usoni, polepole kiasi kwamba huoni ikisogea mpaka unashtukia uso umejaa skrini. Na huku nyuma yake watu wa ofisi wamejazana kwenye tivii wana mambo yao na wote wanaonekana safi kabisa, wa mbele safi, wa nyuma safi, kitu ambacho jicho la kawaida la kamera halifanyi, walifunga kioo kilichogawanyika nusu kwa nusu mbele ya lenzi. Kwa nini wahangaike hivo? Ili uone ofisi nzima imegeukia tivii na stori kubwa ya karne imekaa pembeni kwenye simu ya kijana mmoja anayechorachora daftari. Alafu karibu na mwisho Redford anakosea jina, anamwita Dahlberg kwa jina la yule mwingine aliyekuwa anaongea naye, anajisahihisha haraka na kuendelea. Lile kosa ni la kweli, la mwigizaji, halimo kwenye script, na wakaliacha. Mimi nililiona mara ya nne au ya tano, na nilipoliona nikasimama nikacheka peke yangu sebuleni.

Kitu kingine kinachokufanyia kazi bila kujua ni mwanga. Gordon Willis ndo alipiga picha. Chumba cha habari kina taa za mirija nyeupe, kila kona, hamna kivuli hata chini ya meza, hamna pa kujificha. Ukitoka nje ya kile chumba ni giza. Barabarani giza, kwenye magari giza, kwenye veranda za watu taa moja ya njano, kwenye paking ya chini ya ardhi ndo usiseme. Hakuna mtu anayekwambia "humu ukweli, huko nje uongo", ila mwili wako unajua, kila wakitoka ofisini mabega yako yanapanda. Mara ya nne (najua itakuwepo ya nne) angalia mabega yako.

Na sauti. Muvi inaanza na skrini nyeupe kimya, unafikiri fleshi imegoma, alafu nyundo ya taipuraita inagonga karatasi kama bunduki. Ni kama bunduki kweli, walichanganya mlio wa taipuraita na mlio wa risasi na wa mjeledi. Inachapa tarehe, Juni 1, 1972. Mwisho wa muvi inajibiwa: tivii inaonyesha Nixon anaapishwa awamu ya pili, Januari 20, 1973, mizinga inapigwa kwa heshima, na nyuma kabisa mle ofisini vijana wawili wanachapa, mzinga na taipuraita zinapigana. Kwa hiyo ukisema hamna risasi, zipo.

Haya, ukweli. Sehemu kubwa ni kweli na wakati mwingine ni kweli kupita kiasi, yani mpaka inachekesha. Hawakupiga ndani ya Washington Post yenyewe, walijenga chumba cha habari kizima studio kule Burbank, California, rangi zile zile, meza zile zile, alafu wakasafirisha taka kutoka chumba halisi. Taka. Makaratasi ya kwenye mapipa ya ofisi ya Washington yakavuka bara zima yakaenda kutupwa kwenye mapipa ya ofisi ya uongo. Walipata Oscar ya usanifu wa seti, na ni haki yao. Waigizaji nao: Redford na Hoffman kila mmoja alikariri mistari ya mwenzie ili waweze kukatizana katikati ya sentensi kama watu waliozoeana, ndo mana maongezi yao hayana ule ustaarabu wa kigizo wa ukimaliza wewe ndo naanza mimi.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote kipo mwanzoni na watu wengi hakiwapiti hata akilini. Yule mlinzi anayeona selotepu kwenye kitasa cha mlango. Usiku wa Juni 17, 1972, jengo la Watergate, Washington, mlinzi Frank Wills anakuta mlango umebandikwa tepu ili usijifunge, anaitoa, anafikiri ni mafundi wamesahau, anaendelea na lindo lake. Anarudi baadae anakuta imebandikwa tena. Anapiga simu polisi. Polisi wanapanda juu kwenye ofisi za chama cha Democratic wanakuta wanaume watano wamevaa suti, glavu za mpira, kamera, vinasa sauti, na noti za dola mia mia zilizofuatana namba. Kila kitu kilichokuja baadae, kamati, mahakama, kujiuzulu, kimetoka kwenye kile kipande cha tepu. Sasa yule unayemuona kwenye muvi ni Frank Wills mwenyewe. Siyo mwigizaji. Alikuja akaigiza alichokifanya. Usiku ule wa kweli alikuwa na miaka 24, saizi yako.

Na alikufa mwaka 2000 akiwa hana kitu. Waandishi wakapata tuzo na majina, kitabu kikauzwa, waliofungwa wengine walitoka wakaandika vitabu vyao pia wakala hela, mlinzi akaishia kuhangaika na kazi za hapa na pale. Ndugu zetu wa Kenya hii wanaijua vizuri kwa David Munyakei, karani wa Benki Kuu aliyetoa nyaraka za kashfa ya Goldenberg, akapoteza kazi, akafa maskini 2006. Nikifika hapo darasani huwa nasimamisha muvi kwanza.

Tuendelee. Umeona ile sini ya kuhesabu mpaka kumi? Bernstein yuko kwenye simu na wakili wa serikali, hataki kuthibitisha stori wala kukanusha, basi Bernstein anamwambia mimi nahesabu mpaka kumi, kama stori ina kosa kata simu kabla sijafika kumi, nikimaliza upo basi ipo sawa. Anahesabu. Jamaa hakukata. Wakachapa kwamba Hugh Sloan, mweka hazina wa kampeni, aliliambia baraza la mahakama (raia wanaopima kwa siri kama kuna kesi) kwamba Haldeman, mkuu wa utumishi wa Nixon, alikuwa na mamlaka juu ya mfuko wa siri. Oktoba 25, 1972. Asubuhi hiyo hiyo wakili wa Sloan akasimama mbele ya kamera akasema hakusema hivyo. Na kweli hakusema, hakuna aliyemuuliza hilo swali mle ndani! Haldeman alikuwa na mamlaka hayo kweli, ila walichoandika kwamba Sloan alikitamka mbele ya baraza hakikutamkwa. Ikulu ikawarukia kama tai.

Hii sini mimi siwezi kuiangalia nimekaa. Nikiwa na mwaka mmoja kazini nilimpigia simu karani fulani kuhusu faili lililopotea, nikamsomea aya yangu, akakaa kimya, nikasema basi nikiona umenyamaza nitajua ni sawa eeh mzee, akanyamaza. Ikachapwa. Kumbe mzee wa watu alikuwa ameweka simu mezani ameenda kumfungulia mtu mlango. Nilitembea ofisi nzima kichwa chini wiki mbili na mhariri wangu aliniambia kitu nimekibeba mpaka leo, alisema kimya ni kimya. Kwa hiyo wewe unayesomea hii kazi, ile ya kuhesabu kumi itazame kama onyo, usiichukue kama mbinu, mana najua vijana mnatoka na ile mbinu mkiwa mmefurahi.

Deep Throat je, yule mtoa siri wa Woodward wa kwenye paking? Uso wake umezama gizani (ni Hal Holbrook) na wengi wanafikiri ni mapambo ya muvi. Mwaka 1976 ilikuwa hivyo hivyo, duniani waliomjua ni wachache wa kuhesabu vidole. Ilikaa siri zaidi ya miaka thelathini, mpaka Mei 2005 mzee wa miaka 91 anaitwa Mark Felt akasema ndo mimi. Alikuwa namba mbili FBI. Hapo ndo utamu unapogeuka mchungu kidogo, mana Felt alikuwa anautaka ukubwa wa FBI, bosi wake Hoover alikufa Mei 1972, Nixon akamruka Felt akamweka mtu wa nje, Patrick Gray, na mwezi uliofuata wezi wakakamatwa Watergate. Roho ya nchi au roho ya cheo? Nadhani vyote viwili na sioni haja ya kuchagua. Alafu sikiliza hii: mwaka 1980 Felt mwenyewe alitiwa hatiani kwa kuidhinisha maafisa wa FBI kuvunja na kuingia majumbani kwa watu bila kibali, mambo yale yale ya Watergate, na aliyekuja mahakamani kumtetea ni Nixon! Reagan akamsamehe 1981. Mtu akikuletea script ya namna hiyo utamrudishia umwambie umezidisha chumvi.

Uongo upo? Upo. "Fuata hela", maneno ambayo kila mwandishi anayatamka kama aya ya msahafu, Felt hakuyasema, kwenye kitabu cha Woodward na Bernstein hayamo, ni Goldman alitunga kwa ajili ya muvi. Na wamekatwa watu. Barry Sussman, mhariri wa habari za jiji aliyekuwa anaibeba stori kila siku, kwenye muvi hayupo, kazi yake imegawiwa wengine. Katharine Graham, mmiliki wa gazeti, mama aliyekuwa anahatarisha mali yake yote pale, leseni za vituo vyake vya tivii Florida zilianza kupingwa, naye haonekani hata sekunde moja, anatajwa tu kwenye tusi la John Mitchell, aliyekuwa mkuu wa kampeni ya Nixon, kwenye simu. Badala yake unampata mhariri mkuu Ben Bradlee, kaigizwa na Jason Robards, miguu juu ya meza, na Robards akabeba Oscar na anaistahili, lakini mwenye gazeti kafutwa. Mimi hilo siwasamehei mpaka kesho.

Tufike kwenye swali lako la tatu, na hapa ndo muvi inakudanganya bila kusema uongo hata mmoja. Rudia ule mwisho. Vijana wamekosea stori, wameaibika, Bradlee anawaambia warudi kazini, Nixon anaapishwa kwa kishindo, mana Novemba 1972 alikuwa ameshinda majimbo 49 kati ya 50. Yani muvi inaishia pale ambapo wameshindwa! Alafu mashine ya teleksi inaanza kuchapa vichwa vya habari, tatata, fulani akiri kosa, fulani ahukumiwa, tatata, Nixon ajiuzulu, giza, majina ya waigizaji. Miaka miwili imepita kwenye mashine ndani ya dakika moja na wewe kichwani unajazia mwenyewe kwamba ile mashine inachapa kwa sababu wale vijana walichapa.

Kumbe ndani ya ile dakika moja ndo kuna kazi ya watu wengine wote. Kuna Jaji John Sirica, mkali, aliyekataa kuamini kwamba wezi watano walijituma, na Machi 1973 mwizi mmoja, James McCord, akamwandikia barua kwamba tumeshinikizwa tunyamaze na watu wamesema uongo mahakamani. Kuna kamati ya Seneti ya mzee Sam Ervin, na mbele ya hiyo kamati, Julai 16, 1973, bwana mmoja mpole anaitwa Alexander Butterfield, aliyekuwa msaidizi Ikulu, aliulizwa tu kama kuna vinasa sauti ofisini kwa rais, akajibu ndiyo vipo. Basi. Nchi ikasimama. Rais alikuwa anajirekodi mwenyewe tangu 1971, na kama ni mimi natengeneza muvi naanzia hapo kwa Butterfield, uso wake tu, hata muziki siweki. Kuna mwendesha mashtaka Archibald Cox aliyezidai hizo tepu za sauti, Nixon akaagiza afukuzwe, Jumamosi usiku ya Oktoba 20, 1973, mwanasheria mkuu akakataa kumfukuza akajiuzulu, naibu wake akakataa naye akaondoka, wa tatu ndo akakubali. Kuna tepu yenye pengo la dakika 18 na nusu na maelezo ya sekretari kwamba alikanyaga pedali kwa bahati mbaya. Kuna Mahakama ya Juu, Julai 24, 1974, majaji wanane kwa sifuri, toa tepu, na watatu kati ya hao wanane Nixon mwenyewe ndo aliwateua. Agosti 5 ikatoka ile ya Juni 23, 1972, siku sita tu baada ya wizi, rais anasikika anakubali CIA itumike kuizuia FBI isichunguze. Agosti 8 usiku akahutubia, tarehe 9 akapanda helikopta. Mwezi uliofuata Gerald Ford, aliyempokea urais, akamsamehe, lakini hiyo ni hasira nyingine.

Kwa hiyo walimng'oa wawili? Hapana mwanangu. Waliizuia stori isife kati ya Juni 1972 na mwanzoni mwa 1973, wakati wenzao wengi walikuwa wameshaiita wizi wa kijinga wakahamia kwenye uchaguzi. Ile miezi ndo muvi inayoihusu na ndani ya ile miezi ipo sahihi. Kuanzia hapo walioshika kamba ni majaji, maseneta, waendesha mashtaka na, usicheke, Nixon na kinasa sauti chake. Sioni kama inawapunguzia kitu Woodward na Bernstein. Mtu aliyeweka jiwe kwenye mlango usijifunge amefanya kazi hata kama hakuingia ndani.

Ila ndo hapo nakuachia kazi, mana umeniambia unasomea hii fani. Uliyoyapenda mle ni yapi hasa, kushinda au kutafuta? Kuna sini moja wapo maktaba ya Bunge la Marekani, wanapekua vikaratasi vya watu walioazima vitabu, maelfu, kimoja kimoja, na kamera inapanda juu, juu, mpaka dari, wale wawili wanakuwa kama sisimizi wawili kwenye sinia, na mwisho wa yote hawapati kitu. Dakika nzima ya kutopata kitu. Kama pale ulisogeza mbele, sawa, ni muvi nzuri tu umeangalia. Kama pale ndo ulitoa jasho, niandikie tena tuongee mambo ya mafunzo kwa vitendo, kuna wahariri wawili wanaomba watu wa namna hiyo na hawawapati.

Baba yako msalimie sana. Mwambie sitaki aangalie muvi nzima, namuomba zile dakika sita za simu ya Minneapolis tu, na wewe ukae pembeni usiseme kitu, umuangalie kama atanyanyuka kwenda kuchukua maji.